Mti wa Porphyrius ndani ya telefone: namna mataifa yanavyofikiri na vyombo vya siku hizi

Siku hizi telefone ya mkononi imeingia katika kila parokia, hata katika vijiji ambamo motokari haifiki. Padri anaitumia kwa kutangaza saa ya Misa, mwalimu wa dini kwa kuita wakubwa wa mashirika, mama kwa kupokea feza kutoka kwa mtoto wake aliye Lubumbashi au Goma. Chombo ni kimoja kwa wote. Lakini tunaona kwamba wengine wanakizoea kwa siku moja, na wengine, watu wenye akili na heshima, wanakishika miaka mingi pasipo kwenda mbele kuliko kuita na kuitika. Watu wanasema upesi: «Wazee hawana akili ya mashine». Neno hilo si la kweli, tena linaumiza.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba telefone si chombo kitupu. Ndani yake mna namna fulani ya kufikiri, ndiyo namna ya watu walioitengeneza. Mtu aliyezoea kufikiri kwa namna ingine hakutani na mashine tu: anakutana na desturi ya wageni. Anayefahamu jambo hilo atafundisha vizuri zaidi, si telefone peke yake, bali na katekisimu pia.

I. Biro iliyofichwa ndani ya kioo

Tuanze na yale yanayoonekana kwa macho. Juu ya kioo cha telefone tunaona bahasha, maana yake ujumbe. Dosye, maana yake mahali pa kuweka maandiko. Kapu la takataka, maana yake kufuta. Gurudumu lenye meno, maana yake kutengeneza mambo ya ndani. Picha hizi zilitoka wapi? Mwaka 1981 kampuni Xerox ya Marekani iliuza mashine iliyoitwa Star. Watengenezaji wake walichora juu ya kioo meza ya biro pamoja na vitu vyake: karatasi, dosye, kabati, makapu ya barua. Walitaka karani aone mbele yake vitu anavyovijua. Mwaka 1984 Macintosh ya kampuni Apple ilieneza desturi hiyo, na kutoka kompyuta picha zile zikapita katika telefone.

Basi, karani wa mji akitazama kioo anajiona kwake. Lakini mama mkulima hana kabati ya dosye, na takataka anazitupa shimoni nyuma ya nyumba. Tena picha ya kuita mtu ni ile telefone ya zamani yenye waya, ambayo nyumba nyingi za inchi yetu hazikupata hata siku moja. Picha inayosema waziwazi kwa mmoja, kwa mwingine ni alama ya bure ambayo anapashwa kuikariri.

Jambo la pili limefichika zaidi, nalo ni kubwa zaidi: ndio mpango. Mtu anataka kubadili mlio wa telefone yake. Anapashwa kufungua mlango wa matengenezo; ndani yake mlango wa sauti; ndani yake mlango wa milio; kisha anachagua. Kila kitu kimefungwa ndani ya kitu kikubwa zaidi cha jinsi yake. Waseminari waliosoma logika watakumbuka mara moja kitu walichokiona katika kalasi: arbor Porphyriana, mti wa Porphyrius. Mwenye elimu huyo aliishi katika karne ya tatu, naye alikuwa adui wa wakristu. Lakini kitabu chake kidogo juu ya logika ya Aristoteles kilifundishwa katika shule zote za Ulaya kwa miaka zaidi ya 1000. Substantia inagawanyika, na hapo tunapata corpus. Corpus inagawanyika, na hapo tunapata vivens. Kisha animal, na mwishoni homo. Hatusemi kwamba watengenezaji wa telefone walimsoma Porphyrius. Twasema walikunywa maji ya kisima kile kile. Shule ya kizungu inafundisha mtoto tangu udogo kuweka vitu katika jinsi na aina, hata mwishoni anadhani kwamba akili yenyewe haina njia ingine.

II. Je, akili haina njia ingine?

Iko njia ingine, nayo imechunguzwa. Mwaka 1931 na 1932 mwalimu Mrusi Alexander Luria alifanya safari katika Uzbekistan, katika Asia ya kati. Alizungumza na wakulima wasiojua kusoma. Aliwaonyesha picha 4: nyundo, msumeno, shoka na gogo la mti, akauliza ni kitu gani kisichofanana na vingine. Mtu wa shule anajibu upesi: gogo, kwani vile vitatu ni vyombo vya kazi. Lakini wakulima walikataa kuondoa hata kimoja. Msumeno unakata gogo, shoka linapasua. Ukiondoa gogo, vyombo vitafanya kazi gani? Luria aliona vilevile kwamba vijana wa inchi ile ile, waliopata shule kidogo tu, walijibu kama watu wa shule. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka kwa Kirusi mwaka 1974.

Mfano wa pili ni wa Afrika yetu. Katika Liberia, Michael Cole, John Gay, Joseph Glick na Donald Sharp walichunguza namna Wakpelle wanavyojifunza na kufikiri. Walitoa kitabu chao mwaka 1971. Waliweka mbele ya watu vyakula, vyombo vya chakula, vyombo vya kazi na mavazi, wakawaomba kupanga vitu vinavyokwenda pamoja. Glick alisimulia habari ya mkulima mmoja aliyeweka kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu kinakata chungwa. Alisema kwamba mtu mwenye akili ndivyo anavyofanya. Walipomwuliza mpumbavu angefanya namna gani, yule mzee akapanga vizuri sana: vyakula hapa, mavazi pale, vyombo pale, sawasawa na mti wa Porphyrius. Tufahamu vema habari hiyo. Mzee hakukosa uwezo wa kupanga kwa jinsi na aina. Aliona tu kwamba kupanga hivyo hakusaidii kazi yoyote.

Sasa turudi kwa telefone. Huko Bangalore, katika Uhindi, Indrani Medhi, aliyetumika katika nyumba ya uchunguzi ya kampuni Microsoft, alitengeneza vyombo visivyo na maandishi kwa ajili ya watu wasiojua kusoma: picha na sauti tu. Wengi walidhani kwamba, herufi zikiondolewa, mateso yote yamekwisha. Haikuwa hivyo. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba watu wenye shule kidogo wanapotea ndani ya milango iliyofungana, hata kama hakuna neno la kusoma. Ukiwapa orodha moja ndefu ya picha, wanapata upesi zaidi kitu wanachokitafuta. Kizuizi hakikuwa herufi peke yake, kilikuwa mti.

Jambo hilo linatufundisha kwamba kutafsiri maneno hakutoshi. Hata maneno yote ya telefone yakiandikwa kwa Kiswahili safi, mti ungali pale. Mama hatafuti «matengenezo» wala «huduma za feza». Anatafuta kutuma feza ya shule ya mtoto. Anafikiri kwa kazi, na telefone inamjibu kwa jinsi na aina.

III. Samaki na maji

Tusidhani kwamba tofauti ni kati ya watu wa shule na watu wasio na shule tu. Hata kati ya watu wenye elimu sawasawa desturi za macho na akili si zile zile. Mwaka 2001 Takahiko Masuda na Richard Nisbett walitoa habari ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Japani na wa Marekani. Waliwaonyesha picha zenye kutembea: samaki wanaogelea, na nyuma yao kuna mawe, majani na wanyama wadogo wa maji. Wamarekani walianza mara nyingi na samaki mkubwa aliye mbele. Wajapani walianza mara nyingi na mahali: palikuwa kama ziwa, maji yalikuwa ya namna hii. Wakati samaki yule yule alipoonyeshwa mbele ya mahali pengine, Wajapani walisumbuka zaidi kumtambua. Kwao samaki na maji yake ni habari moja.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kurasa za Asia ya Mashariki zinajaa mambo mengi kwa mara moja, na Mzungu anaziona kama soko lenye kelele. Mwaka 2012 Masuda na wenzake walionyesha kwamba kurasa za serikali na za shule kubwa za Asia ya Mashariki zina habari nyingi kuliko zile za Amerika ya Kaskazini, na kwamba watu wa Asia ya Mashariki wanapata upesi kitu ndani ya wingi ule. Katika Uchina programu WeChat, iliyoanza mwaka 2011, inaweka mahali pamoja mazungumzo, malipo, magazeti na huduma nyingi. Katika Marekani desturi ilikuwa ingine: kwa kila kazi programu yake. Hatusemi kwamba akili ya taifa ndiyo sababu ya pekee. Biashara na sheria za kila inchi zinafanya kazi yao pia. Lakini macho ya watu yanakubali upesi kitu kinacholingana na desturi yao.

IV. Kuume, kushoto na saa

Kuna mambo madogo yanayoonekana kama ya asili, kumbe ni ya desturi. Juu ya telefone ya Kifaransa, mshale wa kurudi nyuma unaelekea kushoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu Wafaransa wanasoma toka kushoto kwenda kuume, na kurudi ni kufuata njia kinyume. Mwarabu na Mwebrania wanasoma toka kuume. Kwao kurudi ni kuelekea kuume. Programu ya telefone iitwayo Android ilipokea mwaka 2012 uwezo wa kugeuza kioo kizima kwa ajili yao, sawasawa na sura inayoonekana katika maji.

Rangi pia hazisemi neno moja kila mahali. Katika soko la hisa la Ulaya, nyekundu ni hasara na kijani ni faida. Katika Uchina bei inayopanda inaandikwa kwa nyekundu, kwani nyekundu ni rangi ya furaha. Katika Japani duara ni alama ya jibu la kweli, na kile kistari kilichopindika ambacho kwetu mwalimu anakitia kando ya jibu zuri, kwao kinaonyesha mara nyingi jibu baya.

Mfano ulio karibu nasi ni saa. Telefone inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mswahili wa pwani anahesabu tangu jua linapochomoza: telefone inaonyesha 7:00, naye anasema saa moja. Je, nani amekosa? Hakuna. Katika Injili ya Mateo, wafanyakazi wa mwisho waliitwa katika shamba la mizabibu kwa saa ya kumi na moja. Mswahili wa pwani anafahamu mara moja kwamba jua linakaribia kushuka, lakini msomaji wa Ulaya anahitaji maelezo. Tertia, Sexta na Nona za Breviari zinafuata hesabu hiyo hiyo. Basi hesabu ya telefone ni desturi moja tu kati ya desturi nyingi.

V. Telefone ni ya nani?

Watengenezaji wa kwanza walidhani jambo moja pasipo kulisema: telefone moja, mtu mmoja. Namba ya siri ni ya mmoja, daftari ya majina ni ya mmoja. Katika Afrika na Asia telefone mara nyingi ni ya nyumba nzima, pengine ya majirani pia. Kampuni Nokia ilituma watu wake, kama Jan Chipchase, waende kutazama namna watu wanavyotumia telefone katika Uganda, Uhindi na penginepo. Telefone yake Nokia 1200 ya mwaka 2007 iliweza kuweka madaftari ya majina hata 5, ili kila mtu wa nyumba apate lake, pamoja na chombo cha kupima gharama ya kila mazungumzo.

Katika Uganda Chipchase aliona jambo la ajabu. Mtu wa mji mkubwa ananunua kadi ya unite, lakini haingizi unite katika telefone yake. Anamsomea namba zake mwenye kuendesha telefone ya kijiji. Huyu anachukua unite kwa kazi yake, anakata sehemu yake, kisha anampa mama wa yule mtu feza mkononi. Hakuna kampuni iliyofundisha jambo hilo. Watu wenyewe walijenga juu ya undugu na uaminifu.

Kubipa ni vilevile. Jonathan Donner aliuchunguza katika Rwanda, jirani yetu, akaandika juu yake mwaka 2007. Kuita na kukata kabla ya mwingine kuitika hakukuwa ndani ya mawazo ya watengenezaji. Watu walikufanya kuwa lugha yenye sheria zake: mwenye feza nyingi ndiye anayelipa, mdogo anaweza kumbipa mkubwa wake, lakini kijana anayetaka kuposa msichana asithubutu kumbipa, kwani ni aibu.

Tena tutazame M-Pesa. Katika Kenya, mwaka 2005, majaribio yake ya kwanza yalikuwa ya kurudisha mikopo midogo. Lakini watu walioijaribu waliitumia kwa kutumiana feza wao kwa wao. Kampuni Safaricom ilifahamu, na mwaka 2007 ilipoianzisha kwa watu wote, neno la kuitangaza lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Kongo iliipokea mwaka 2012. Chombo kilisimama imara siku kilipofuata njia ya moyo wa watu, yaani deni la mtoto kwa wazazi wake.

VI. Tujihadhari na kosa lingine

Mtu akisoma hayo anaweza kuanguka katika kosa la upande wa pili, akasema: «Mzungu anafikiri hivi, Mchina hivi, Mubantu hivi, wala hawatakutana». Padri Placide Tempels, Mfransisko katika Katanga, alitoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu. Alitaka kuonyesha kwamba Wabantu wana hekima yao, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini Waafrika wenyewe, kama Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni mwaka 1968, walimpinga kwa sababu alisema kana kwamba watu milioni nyingi wana kichwa kimoja. Onyo hilo linatufaa. Vijana wa Uzbekistan walibadilika kwa shule ya muda mfupi. Mzee wa Kpelle alijua njia zote mbili. Akili ya mwanadamu ni moja, kama alivyoiumba Mungu. Zilizo mbalimbali ni desturi za kuitumia. Desturi inaweza kujifunzwa, lakini haijifunzwi kwa kuchekwa.

VII. Faida kwa kazi yetu

Mambo haya si ya wenye elimu peke yao. Tazama mezani kwa mwenye kutoa feza za telefone. Orodha inatokea juu ya kioo: 1, 2, 3, 4. Mama anasoma polepole. Mashine inachoka kungoja na kukata. Anaanza tena, inakata tena. Kisha, kwa haya, anatoa telefone pamoja na namba yake ya siri kwa kijana asiyemjua. Wengine wamepoteza hivyo akiba ya mwaka. Kisa hakianzi na mwivi. Kinaanza na chombo kisichomfikiri mama yule.

Basi tunapashwa kufanya nini? Kwanza, tufundishe kwa kazi, si kwa milango. Tusimweleze mzee sehemu zote za telefone. Tumwulize anachotaka kufanya, tumwonyeshe njia ile moja tangu mwanzo hadi mwisho, naye afinye kwa kidole chake mwenyewe, si sisi kwa ajili yake. Pili, tulinde namba ya siri ya maskini kama tunavyolinda siri iliyokabidhiwa kwetu. Tumfundishe mama kuigeuzia wengine mgongo, hata sisi wenyewe. Tatu, tutumie sauti. Tangu mwaka 2013 WhatsApp inachukua maneno ya mdomo, na mwalimu wa dini anayetangaza kwa sauti anafikia wale ambao karatasi haiwafikii. Nne, katika tangazo tuanze na mahali, watu na sababu, kisha tufike kwenye neno lenyewe. Medhi na mwenzake Kentaro Toyama waliona katika Uhindi, mwaka 2007, kwamba watu walioshika kompyuta kwa mara ya kwanza walisaidiwa sana na sinema fupi iliyoonyesha habari inatoka kwa nani, inapita wapi, na inamfaa nani. Nani kati yetu asiyejua kwamba kijijini habari isiyo na mwenyewe haipokelewi?

Neno la tano latuhusu zaidi. Katekisimu zetu nyingi nazo zimepangwa kama mti: sehemu, sura, maswali, migawanyo. Mpango huo ni mzuri kwa kukumbuka na kwa kutetea imani. Lakini mkatekumeni mzee anayeshindwa kutaja sakramenti kwa utaratibu wa kitabu, pengine anajua vizuri maji ya Ubatizo yanakwenda pamoja na nini: pamoja na jina jipya, pamoja na wazazi wa Ubatizo, pamoja na kuacha hirizi. Ameweka kisu pamoja na chungwa. Kabla ya kumrudisha kalasi ya chini, tumwulize kwa njia yake.

Padri Matteo Ricci, Mjesuita, alichapisha ramani yake kubwa ya dunia katika Beijing mwaka 1602. Ramani za Ulaya ziliweka Uchina pembeni kabisa. Yeye aliigeuza ramani hata Uchina ukakaa karibu na katikati. Hakubadili bahari wala inchi kavu, wala hakusema uwongo. Alibadili mahali pa kusimama, ili anayetazama aingie kwa mlango wake mwenyewe. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wa mataifa kujifunza kwanza lugha ya Galilaya. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Yeyote kati yetu anayeshika telefone mbele ya mzee, au katekisimu mbele ya mkatekumeni, afuate njia hiyo: kweli ibaki nzima, na mlango uwe ule ambao mwenzetu anaujua.